Kinanda Kimepotea Tena

Jumatatu, 3 Machi

Daftari, nisamehe. Najua. Ukurasa wako wa mwisho unasema: "Miguu imevimba, nitaendelea kesho." Kesho hiyo imechukua miezi kumi. Hapo katikati nimezaa. Naomba iwe sababu tosha.

Sababu yenyewe imelala hapa pembeni. Tunamwita Bosi. Miezi minane, meno mawili, amri hazihesabiki. Baba yake ni mwokaji mikate. Huondoka kabla ya jogoo, hurudi mchana mweupe pee kwa unga, hulala kabla hajavua kiatu cha pili. Siku nzima tunabaki watatu: mimi, Bosi na mama mkwe. Mwandiko ukiwa mbaya, ni kwamba naandika kwa mkono mmoja. Wa pili ameukumbatia yeye.

Naandika kwa sababu nimepata mshtuko.

Asubuhi amepiga simu Kiongozi wa bendi. Nikajua, likizo ya uzazi imekwisha, naitwa kazini. Kweli. Mazoezi Jumatano, kazi Jumamosi, sherehe ya kumuaga mkunga anayestaafu. Mkunga wangu! Yule aliyempokea Bosi kwa mikono yake miwili! Siku ile ya uchungu nilikuwa navuma kawimbo kangu puani, naye akakadaka, tukakavuma pamoja mpaka mtoto akatoka. Sasa anataka nimpigie kawimbo kale akitembea kwenda kupokea zawadi yake. Kasema hataki mpigaji mwingine. Nikalia kidogo kwenye simu.

Ndipo Kiongozi akakohoa. Kiongozi akikohoa, kaa chini. Akasema Kaimu naye atakuwepo. Na kwamba baada ya Jumamosi itabidi aamue hili suala la kiti.

Suala la kiti! Kiti gani? Kiti changu! Nimekikalia miaka minne!

Kaimu ni fundi cherehani aliyenishikia nafasi wakati nimejifungua. Jina hilo tulimpa ili asijisahau. Naona kajisahau. Anapiga kinanda cha zamani, kizito kama kabati. Anachomeka ukutani, kinalia, basi. Hakina akili hata chembe.

Changu kina akili. Ndiyo shida yake. Ni chembamba, hakina sauti yake. Kinatuma ishara za midi, yaani habari ya ufunguo gani umebonyezwa, kwa waya wa USB mpaka kwenye kompyuta, na kompyuta ndiyo inayotoa sauti: filimbi, fidla, kwaya nzima nikitaka. Kuna na pedali ya mguu. Kuna na kisanduku cha vitufe vya ngoma. Vitatu, nyaya tatu. Na programu ya jukwaani inakumbuka kila kimoja kilikaa tundu lipi. Ukikihamishia tundu la jirani, inakikana. Kinanda kile kile! Jana tu walikuwa pamoja! Inaandika kwamba kifaa hakijulikani. Na waya ukichomoka hata kwa chafya, ukaurudisha pale pale, kimya. Dawa ninayoijua ni moja: zima kila kitu, hesabu mpaka ishirini, chomeka kimoja kimoja, washa upya. Dakika nne. Jukwaani dakika nne ni mwaka.

Kitabu cha maelekezo kina kurasa mia mbili na kumi. Nimesoma jalada. Jalada zuri.

Leo nimefungua mitambo yangu baada ya miezi kumi. Vyote vitatu vimepotea. Mshtuko wa pili, na saa nne haijafika.

Lakini nina mpango. Dada yangu mkubwa, anayefanya kazi kwenye duka la vifaa vya umeme huko mbali, alinitumia kisanduku cha kuongezea matundu. Nikasema: nyaya zote tatu ziingie humo, kompyuta ione waya mmoja tu. Nani atapotea? Nikachomeka. Kinanda kikapepesa taa mara mbili kama mgonjwa anayeaga. Kikafa. Pedali ikafa. Kisanduku cha ngoma kikapiga dum moja, chenyewe, nacho kikafa. Umeme wa tundu moja haukutosha watatu. Mama mkwe akachungulia mlangoni, akauliza mwanangu hizo ni nyaya au ni utumbo wa ng'ombe. Nikamwambia mama, ni teknolojia. Akasema basi niifunike, inatisha mtoto.

Jumanne, 4 Machi

Mpango mpya. Mzuri mpaka nikajishangaa.

Tatizo ni mimi kusahau tundu. Basi nikachukua rangi ya kucha, ile nyekundu dada aliyonitumia na ambayo sijapaka tangu nilipokuwa na kucha. Doa kwenye tundu la kinanda, doa kwenye ncha ya waya wa kinanda. Pedali, madoa mawili. Ngoma, matatu. Mtoto mdogo angeweza.

Mtoto mdogo akaweza. Nilikuwa napaka doa la mwisho, Bosi akavuta kiwiko. Rangi ikaingia tunduni. Yote. Nikashtuka mpaka nikaketi juu ya bakuli lake la uji.

Nikakumbuka kwamba rangi ikikauka haisumbui. Nikapulizia. Ikakauka. Sasa waya hauingii.

Matundu yalikuwa manne, yamebaki matatu. Vifaa ni vitatu. Nimeamua kuliona hili kama hesabu iliyokaa sawa.

Baba Bosi alipoamka akauliza kwa nini kompyuta imepaka rangi na mke wake hajapaka. Kisha akasema, kwa upole wake ule wa mtu mwenye usingizi, kwamba labda nisome kile kitabu. Nikamuuliza kama yeye huoka mikate kwa kusoma kitabu. Akafikiri. Akasema ndiyo. Wanacho, kimebandikwa ukutani, na kila asubuhi anakisoma.

Nikampa mtoto ambembeleze.

Jumatano, 5 Machi

Mazoezi. Sijui nianzie wapi.

Nimefika na mtoto mgongoni, kompyuta kifuani, kinanda kwapani. Kaimu akaja mbio kunipokea mizigo. Nikamwambia asante kaka, naweza. Sikuweza, pedali ikamwangukia mguuni. Akasema haijamuumiza, huku anachechemea. Mtu anayechechemea na kutabasamu kwa wakati mmoja, huyo wa kuangalia kwa macho mawili.

Kiti changu kina mto mpya! Kaushona mwenyewe. Eti alitaka nikirudi nikae vizuri maana nimetoka kuzaa. Akasema mbele za watu: kiti ni chako, dada, mimi nilikuwa nakipasha moto tu. Kila mtu akamsifu.

Hila! Nani anashonea mto kiti anachotaka kukiacha?

Nikapanga nyaya. Madoa yamesaidia, nakiri. Wimbo wa kwanza ukaenda vizuri, vidole vikakumbuka nyumbani kwao. Nikasahau uchovu. Nikasahau nepi. Kwa dakika tano nilikuwa mtu niliyekuwa zamani. Wimbo wa pili Bosi akapiga chafya mgongoni, mimi nikaruka, mguu ukagusa waya. Kimya.

Kinanda kimepotea. Bendi nzima inaendelea, zamu yangu imefika, nabonyeza, hakuna kitu. Nikafanya alichonifundisha Mungu: nikafumba macho, nikainamisha kichwa, nikanyanyua mikono kama ninayesikiliza jambo la mbali. Wimbo ukaisha. Kiongozi akaniuliza pale pamekuwaje. Nikamjibu kwamba nimepaacha wazi makusudi, wimbo ule ulihitaji pumzi.

Akasema pumzi imempendeza. Ila ilikuwa ndefu, na wimbo karibu ukate roho.

Kisha akakohoa. Kamwangalia Kaimu. Nimeona kwa macho yangu.

Niliposimama nyuma ya pazia nikinyonyesha, nikamsikia Kiongozi akimwambia mpiga ngoma kwamba Jumamosi ikitokea pumzi nyingine, hana la kufanya. Hana la kufanya! Daftari, sikia. Watu wanadhani nataka kiti kwa ajili ya sifa. Siku nzima naitwa Mama Bosi. Sokoni Mama Bosi, zahanati Mama Bosi, hata baba yake siku hizi ananiita Mama Bosi. Pale kwenye kiti tu ndipo ninapoitwa kwa kazi yangu. Nikikikosa kile, nitabaki nani mchana kutwa?

Alhamisi, 6 Machi

Mpango wa tatu, na huu ni mwepesi kama unyoya. Mtu aliyeshika mtoto hashiki kinanda. Jumamosi nitampa Kaimu Bosi ashike tangu mwanzo mpaka mwisho. Kiongozi hata akitaka kumweka kitini, mikono imejaa. Na Bosi hakubali wageni. Alimlilia daktari, alimlilia mtu wa posta, aliwahi kuililia picha ya mjomba wake. Kaimu atatoka jasho mbele ya watu mia mbili.

Nafasi ya kujaribu ikaja yenyewe. Kaimu kabisha hodi saa tano, kaniletea pedali niliyoisahau. Nikamkaribisha, nikamtwisha Bosi, nikasema nakuja sasa hivi. Nikajibanza jikoni kusikiliza kilio.

Kimya. Dakika mbili. Tano. Nikachungulia.

Amelala! Bosi! Mchana! Kwa mgeni! Kaimu anatembea polepole huku anaunguruma na midomo imefungwa, mngurumo wa cherehani inayoshona kitambaa kizito, na mtoto wangu amekunja ngumi kifuani pake kama mdai aliyelipwa. Mimi nimebembeleza mtoto huyu kwa miezi minane, nimemwimbia kila wimbo ulioko duniani, hajawahi kulala mchana zaidi ya dakika arobaini. Kalala saa moja na nusu!

Sikujua nimpige au nimshukuru. Mama mkwe akamshukuru kwa niaba yangu. Akamwambia kijana, wewe hujaoa? Nikamkonyeza mama aache.

Kaimu alipokuwa bado kamshika Bosi, jicho lake likaanguka kwenye kompyuta. Akauliza ile nyekundu ni nini. Nikasema ni mapambo. Akatoa mfukoni kiburashi cha kusafishia cherehani na kisindano, akamlaza mtoto begani, akakwangua lile tundu kwa mkono mmoja mpaka likafunguka. Kisha akaanza kusema, dada, nimeitumia hii programu siku za nyuma, kule kwenye menyu kuna mstari fulani, kifaa kikipotea wewe...

Nikamkata. Kwa adabu lakini kwa nguvu. Nikamwambia kaka, kila fundi na cherehani yake. Akasema sawa. Akanipa mtoto. Bosi akaamka akamlilia Kaimu asiondoke, mpaka geti lilipofungwa.

Ameonja mitambo yangu, ameonja mtoto wangu. Kitu gani kimebaki?

Ijumaa, 7 Machi

Nimelala saa tatu tu usiku kucha. Akili imechemka kama birika.

Nimewaza hivi: kinanda kitapotea. Tukubali. Basi kipotee, mimi niwe nimejiandaa. Narekodi kawimbo ka mkunga leo, nyumbani, kwa utulivu, ndani ya programu ile ile. Jumamosi kinanda kikikata, naachia rekodi, vidole vinacheza juu ya funguo, uso mzito, nani atajua? Pumzi haitatokea tena. Kitufe cha kusimamisha rekodi nimekiweka kwenye kisanduku cha ngoma, ili nisionekane nikigusa kompyuta. Nimefikiria kila kitu!

Nikavaa spika za masikioni nisimwamshe Bosi. Programu ikaniuliza narekodi kutoka wapi, ikaniwekea orodha ndefu. Sina muda wa orodha. Nikabonyeza ya kwanza. Nikapiga. Daftari, nilipiga vizuri! Masikioni kilikuwa kitu cha kutoa machozi. Bosi aliamka katikati, nikaendelea kupiga huku nikimwambia mawili matatu, mambo yetu ya mama na mwana. Mama mkwe naye alikuwa anaita kitu huko uani. Sikusimama. Msanii hasimami.

Nilitaka kuisikiliza rekodi nihakikishe. Bosi akajaza nepi. Nikaifunga hivyo hivyo. Nina imani.

Jumamosi, 8 Machi, jioni jua halijazama

Sina miguu. Sina sauti. Ngoja niandike kabla sijaanza kuamini kwamba niliota.

Ukumbi umejaa wauguzi. Mkunga mbele kabisa, kilemba cheupe, kanipungia mkono na kuvuma kale kawimbo ili nijue hajakasahau. Nikampa Kaimu mtoto. Kafurahi kweli! Mama mkwe kakaa meza ya kwanza kama mwenye shughuli. Nikachomeka kwa madoa yangu, vifaa vyote vitatu vikaonekana, taa zote kijani. Nikamtupia Kiongozi tabasamu la mtu mwenye kiti.

Hotuba zikaanza. Mganga mkuu akaongea. Msaidizi wake akasema kwamba mganga mkuu kamaliza yote, halafu akaongea nusu saa. Watu wakasinzia. Mpiga ngoma akasinzia. Kumbe na kompyuta ikasinzia! Hivyo ndivyo inavyofanya isipoguswa muda mrefu, inazima macho ili itunze chaji. Sikuona. Nami nilikuwa nimesinzia.

Nimeshtushwa na makofi. Mkunga ameshaenda kusimama mlangoni. Anaanza kutembea. Kiongozi ananinyooshea kidole. Nikaigusa kompyuta, ikafumbua macho, nikabonyeza kinanda.

Hakuna.

Kinanda hakipo, pedali haipo, ngoma hazipo, kote pameandikwa hakuna kifaa. Mkunga yuko hatua ya nne na ukumbi kimya. Kiongozi kaanza kukohoa. Dakika nne sina, hata sekunde nne sina. Nikasema liwalo na liwe. Nikaachia rekodi. Nikaweka uso mzito, vidole vikaanza kucheza.

Tak. Tak tak. Tak.

Sauti gani hii? Sauti ya funguo za plastiki! Zenyewe, bila muziki! Ile ya kwanza kwenye orodha haikuwa kinanda, ilikuwa kipaza sauti cha kompyuta! Sikurekodi wimbo, nimerekodi chumba changu!

Kisha spika zote nne zikapasuka kwa kilio cha Bosi.

Mkunga akasimama katikati ya ukumbi. Wallahi, mwanamke yule alikunja mikono ya gauni lake la sherehe mpaka kwenye viwiko, akageuka huku na huku kumtafuta mtoto. Wauguzi watatu wakainuka. Mmoja kashika kitambaa cha meza. Na Bosi mwenyewe, begani kwa Kaimu, aliposikia sauti yake kubwa kiasi kile, akaduwaa, halafu akaijibu.

Ikaja sauti ya mama mkwe, kutoka spika zote: "Mkwe wangu weee! Nepi zimeanguka! Zile za maua!" Mama mkwe meza ya kwanza akainuka akaitikia kwamba ameshaziokota.

Nikabonyeza kitufe cha kusimamisha. Kiko kwenye kisanduku. Kisanduku kimepotea! Nikakimbilia skrini, mshale unakimbia, kila ninapoutaka haupo. Ndipo nikaanza kuongea mimi. Si mimi niliyekuwa jukwaani. Mimi wa jana.

"Nyamaza baba, nyamaza. Kesho tunamtwisha Kaimu wewe, unasikia? Umng'ang'anie. Aliyeshika mtoto hashiki kinanda."

Ukumbi ukacheka mpaka vikombe vikalia. Kaimu akamtazama Bosi. Bosi akamng'ang'ania.

"Maana mama yako alikuwa mtu kabla hujaja, ujue. Vidole hivi vilikuwa na jina. Nakupenda kufa, wewe, lakini nakitaka na kile kiti. Nikikosa kiti nitakulea, nitakulea vizuri, ila kuna mama mmoja hutamjua."

Kicheko kikakatika. Nikaona niteremke jukwaani niende moja kwa moja mpaka nchi nyingine.

Mkunga akapanda. Kilemba kimeenda upande. Akanishika mkono mbele ya wote, akasema mwanangu, mficha uchi hazai, na wewe ulizaa vizuri. Akasema miaka thelathini amepokea watoto, na leo ndipo amesikia mtu akiuliza mama zao wako wapi. Sasa hebu nimpigie kawimbo kake, ana zawadi ya kupokea na miguu inamuuma.

Nikamwambia siwezi. Kinanda kimepotea.

Hapo Kaimu akaja nyuma yangu, mtoto mkono wa kushoto. Nikajua atanizomea au atakaa kitini. Hakukaa. Akanyoosha kidole kimoja, akafungua menyu, akashuka mpaka mstari wa saba, akabonyeza. Unganisha upya vifaa. Taa moja kijani. Mbili. Tatu.

Sekunde tatu! Mstari wa saba! Umekuwepo siku zote! Miaka minne nimehesabu mpaka ishirini!

Akaninong'oneza kwamba ukimpoteza mtu sokoni huvunji soko ukalijenga upya. Unamwita jina.

Nikapiga. Mkunga akatembea tangu mlangoni, upya, akivuma. Bosi akalala katikati ya makofi. Kiongozi hakukohoa hata mara moja.

Baadaye, tukikunja nyaya, Kiongozi akasema neno. Jumatano alikuwa ameshaamua kumpa Kaimu kiti. Kaimu akakikataa siku hiyo hiyo, na Alhamisi tena. Akamwambia duka lake limejaa cherehani za watu, na kiti kina mwenyewe, subiri Jumamosi umwone. Kwa hiyo kiti ni changu, kimetoka kwenye mdomo wa Kiongozi, na mpiga ngoma ni shahidi. Akaniita kwa jina langu lenyewe, lile lisilo na Mama mbele.

Nimemwomba Kaimu msamaha. Nimemwambia nimejifunza. Akasema kesho mchana atapita anionyeshe ile menyu yote, tuipitie na kitabu. Nikasema karibu sana, kaka. Nililia kwenye mto alionishonea. Ni mto mzuri.

Nimejifunza, Daftari. Weka alama hapa.

Jumapili, 9 Machi

Siamini.

Nimeamka na furaha, nikasema kabla Kaimu hajaja nijaribu mwenyewe. Nikawasha kompyuta. Hakuna kinanda. Nikatabasamu. Nikafungua menyu, nikashuka mpaka mstari wa saba, nikabonyeza kwa kidole kama alivyobonyeza yeye.

Hakuna!

Nikabonyeza tena. Nikabonyeza kwa mkono wa kulia, nikabonyeza kwa wa kushoto. Nikamweka Bosi mkono wa kushoto kama jana, nikabonyeza. Hakuna. Bosi mwenyewe katulia kimya anatafuna kitu. Nikakitoa mdomoni. Waya wa kinanda, ncha yote imelowa, doa jekundu halipo. Nikaufuta vizuri, nikauweka kabatini asiupate tena, nikarudi nikabonyeza mara kumi na moja. Hakuna kinanda!

Basi nimeelewa. Mstari ule unamtii Kaimu peke yake. Kauzoesha kidole chake. Ananifanya nimhitaji! Nikipanda jukwaani kila mara itabidi aitwe, anyooshe kidole, taa ziwake, watu wampigie makofi. Leo kidole, kesho mkono, keshokutwa amekaa. Na ule mto aliushona kwa kipimo cha nani? Nimeukalia tena nikapima. Ni mpana.

Nimemtumia ujumbe asije leo, mtoto ana mafua. Akajibu pole dada, amletee Bosi dawa? Hakati tamaa, huyu.

Mama mkwe ananiuliza kama Jumamosi ijayo sauti yake itatoka tena, maana anataka kujua avae nini. Nimemwambia mama, subiri, nina mpango mpya na una nafasi yako.

Bosi anaita. Barua kwa dada nitaiandika kesho, ila nisije nikasahau, vitu ninavyohitaji anitumie ni hivi. Nyaya za USB tano, ndefu, ngumu, zisizotafunika. Kisanduku cha kuongezea matundu, kikubwa kuliko kile, chenye umeme wake wa ukutani. Rangi ya kucha nyekundu chupa mbili, na nyeupe moja, kuna matundu mapya. Kipaza sauti kimoja cha mama mkwe. Nepi za maua, dazeni. Mita moja ya kitambaa kizito, kuna mtu nataka nimshonee mto kabla hajanishonea mwingine.

Kitabu cha maelekezo asitume kingine. Hiki kinatosha. Bosi anakikalia mezani wakati wa uji, na kimo chake kimemfaa sawasawa.